Fundo la Tatu

Kila asubuhi Mwanamkuu alichota maji ya chai mferejini kutoka ukingoni mwa mashua waliyoishi, na ndoo iligusa maji kamba ikifika fundo la pili. Leo fundo la pili lilipita, la tatu nalo likapita, kisha ndoo ikatua kwa kishindo kizito. Alipoivuta ilikuja na tope na samaki mmoja akitapatapa.

"Baba Rukia," aliita, "jana tulipopanda kupitia lango la maji, vizibo vyake ulivirudisha?"

Mumewe alitoka chumbani mwa mashua, mswaki mkononi. "Nimfungie ndugu yangu? Shaali alikuwa nyuma yetu, moshi wa jiko lake niliuona. Nimemwachia wazi asihangaike, kama tunavyoachiana siku zote, wa mwisho kupita ndiye afunge."

"Na shemeji amepita?"

Mumewe alichungulia nje. Mashua ilikuwa imelalia ubavu, vikombe vikiteleza polepole mezani. Maji ya mfereji, ambayo siku zote hutulia kama ya kwenye beseni, leo yalikuwa mkondo mwembamba katikati ya tope, yakirudi langoni, na kutoka hapo yakiporomoka bondeni.

"Labda alilala mbali na lango," mume alisema.

"Shaali? Anayependa kufunga mashua pale pale chini ya lango, watoto wacheze kwenye ngazi zake?"

Mwanamkuu alitazama bondeni. Saa hizi jiko la Shaali huwa linafuka. Hapakuwa na moshi.

Akammwaga samaki kwenye mkondo. Samaki hakuogelea, alichukuliwa, mkia mbele, kuelekea langoni.