Ua la Mama

Jumamosi asubuhi Justa aliamua kwamba ua la marehemu mama yake limekufa. Akalishika shinani pale dirishani ili alitupe.

Mama alilileta mwenyewe kutoka Sengerema, ndani ya kopo la rangi. Daraja lilikuwa bado halijajengwa, na kwenye kivuko alilipakata njia nzima kama mtoto mchanga, akalifunika kwa khanga upepo wa ziwa usilichane majani.

Shina lilitoka bila kuvutwa. Mizizi ilikuwa imeoza, myeusi, inanuka tope. Justa alishangaa, maana yeye hulimwagilia mara moja tu kwa wiki.

Baba yake akaingia sebuleni na kikombe cha maji mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshalimwagilia? Mama yako hapendi likauke. Mimi kila nikiamka nalinywesha, naliambia na habari za wajukuu."

Justa aligeuka upesi, akalikinga kopo kwa mgongo wake. Akalirudisha shina kwenye udongo, akalishindilia kwa vidole mpaka likasimama.

"Bado, baba," akasema, akampisha dirishani.