Sentensi Moja ya Marehemu

Kila marehemu huruhusiwa kisanduku kimoja cha sauti, na kumbukumbu yake hubeba sentensi moja tu aliyoisema mwenyewe. Cha mume wetu kilimwita mke mwenzangu kila asubuhi: “Mwanakheri, nuru yangu, umeamkaje?”

Kwani mimi sikuolewa? Nikakipeleka kwa fundi.

“Fanya aniite na mimi.”

“Hakuna nafasi, mama. Nikiongeza sentensi ya pili, sauti itakwaruza kama ya chura.”

“Basi mfute yule.”

“Nikifuta hairudi.”

“Futa!”

Akafuta. Halafu akapekua rekodi zote za sauti alizoacha marehemu, akapata mahali pamoja tu aliponitaja.

Sasa kila asubuhi kisanduku huita: “Rukia, chumvi iko wapi?”

Mwanakheri hunisogezea kibakuli cha chumvi, kisha huendelea kunywa chai yake.