Waya Haukuchomoka

Sheria inajulikana: ndoa ni ile iliyorekodiwa bila kukatika, na asiyeonekana kwenye rekodi hakuwepo. Kwa hiyo harusi ya mwanangu Mwanamvua sikumwachia mtu kamera. Nilichomeka mwenyewe waya wa skrini ya kurekodia iliyo juu ya kamera, nikauacha ulegee kidogo usivutike, nikaubana kwa kibanio. Mashangazi walicheza, wakaipamia kamera mara tatu. Waya haukuchomoka!

Karani wa ndoa aliitazama rekodi mpaka mwisho. "Haijakatika popote. Kazi safi, fundi."

"Mikono yangu hii," nikasema, kifua mbele.

"Ila mama wa bibi harusi simwoni. Naandika hakuwepo."

"Si ndiye mimi!"

"Sheria unaijua, mama."

Akanisogezea cheti cha mwanangu nitie sahihi, pale palipoandikwa fundi. Nikatia, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.