Vishikio vya Plau

"Shika plau, mama, ofisi ione dhamana pamoja na mwenyewe," alisema Jafeti, afisa mikopo, akinielekezea simu yake.

Mvua zilikuwa zimekaribia na bila mkopo nisingepata mbolea. Nilichagua kuweka rehani plau kwa sababu ng'ombe wangu wa maziwa, mmoja tu niliyebaki naye, sikutaka aguswe.

Ajabu ni kwamba plau lenyewe sikuwahi kulishika. Miaka ishirini na sita nilitangulia mbele nikiongoza maksai, na marehemu mume wangu, Adolfu, alikuwa nyuma ameshika vishikio. Nikipindisha mstari ananifokea kwa Kifipa, halafu anacheka mwenyewe. Kile kicheko nilikizoea mgongoni.

Nikashika. Mpira wa baiskeli aliouzungushia kishikio cha kulia ulikuwa umeoza, ukamomonyoka kiganjani mwangu. Chini yake kulikuwa na kitambaa kilichokakamaa kwa jasho, ila ukingoni maua mekundu yalionekana bado.

Kitenge changu cha harusi! Kile nilichomgombeza jirani msimu mzima kwamba mbuzi wake wamekitafuna, na Adolfu amekaa pembeni anakula ugali wake wa ulezi, kimya.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Vidole vyangu vilikuwa vimeingia kwenye mabonde yaliyoachwa na vidole vyake.

"Picha imetoka vizuri, mama. Unaweza kuliachia sasa."

"Ifute, mwanangu," nikamwambia. "Twende zizini ukampige picha ng'ombe."