Sifa za Mtathmini wa Nje

Alipofika ukurasa wa pili wa barua, mume aliishiwa uvumilivu. Alikuwa akiisoma kwa sauti mezani, na kila baada ya sentensi alimtazama mke wake kama anayemtafutia homa.

"Hivi hii ni tathmini au posa?" aliuliza.

Mke alikuwa profesa wa elimu ya wadudu. Chuo kingine kilikuwa kimemteua kuwa mtathmini wa nje: apitie machapisho ya mhadhiri mmoja mwandamizi, kisha aseme kama anastahili uprofesa. Mumewe, fundi wa majokofu, hakujua lolote kuhusu wadudu. Ila mhadhiri huyo alimjua vizuri, maana miaka yote ya ndoa yao alikuwa akimsikia akilaaniwa jikoni.

Enzi za usichana wa mke, mhadhiri huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa masomo ya uzamili. Alimsotesha mlangoni wiki nzima, halafu akamrudishia tasnifu yake mbele ya wenzake, akisema haifai hata kufungia karanga. Wenzake walicheka kwa sababu mkubwa alicheka. Binti akahama chuo, akaanza upya na mada nyingine. Alipoolewa akabadili na jina. Hasira hakuibadili; aliitunza kuliko vyeti vyake.

Sasa mbaya wake alikuwa karibu kustaafu. Akiukosa uprofesa safari hii, angerudi nyumbani na cheo kilekile alichokaa nacho nusu ya maisha. Akiupata, angeongezewa miaka ya kazi, ofisi kubwa na wanafunzi wapya wa kuwachekea. Watathmini wengine wawili walishaandika kwamba anafaa, lakini kwa shingo upande. Neno la huyu wa tatu ndilo lingeamua. Yaani mtu aliyemtia uchungu ujana wake wote alikuwa ameletewa mlangoni, ndani ya bahasha.

Fomu ilimuuliza kama ana undugu na mgombea, kama wamewahi kufundisha chuo kimoja, kama wamewahi kuandika kitu pamoja. Yote alijibu hapana, na hakudanganya. Fomu haikuuliza kama mgombea aliwahi kumliza.

Kwenye barua alizipita makala nyingine mbiombio, hii sentensi mbili, ile moja. Alipofika kwenye makala ya vichuguu vya mchwa, mkono ukakolea. Alisifu subira ya mtafiti aliyekubali kuungua na jua msimu hadi msimu. Alisifu vipimo, kwamba hakuna aliyewahi kukanyaga bonde lile anayeweza kuvitilia shaka. Aliandika kwamba makala hiyo peke yake inatosha kumpa mtu uprofesa. Mwisho akaiomba kamati impe mgombea nafasi ya kufafanua istilahi zake mwenyewe, ili na wengine wafaidike.

"Umemsamehe?" mume aliuliza.

"Sijamsamehe hata robo."

"Sasa mbona unampandisha?"

"Apande kwanza," alisema, akiichukua barua yake. "Akiwa juu ataonekana vizuri."

Mume alikuna kichwa. Alihisi uprofesa umemlainisha mkewe, na kwa kweli ilimuuma, kwa kuwa ile hasira alishaizoea kama mtu wa nyumbani.

Kamati ilikutana kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa ikilalamika. Mtathmini alialikwa, akapewa kiti karibu na dirisha. Mgombea aliingia na suti iliyonyooshwa mpaka ikang'aa. Hakumtambua hata chembe. Fununu za barua zilishamfikia, kwa hiyo alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwita mheshimiwa profesa, akasema siku hizi ni nadra kumpata msomi asiye na kinyongo. Alimjibu ahsante, akaketi.

Mwenyekiti aliisoma barua yote, neno kwa neno, kisha akamuuliza mgombea kama naye anaiona makala ya mchwa kuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Mgombea alisema ndiyo. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba kila kipimo kilichomo kilimtoa jasho yeye binafsi na hakuwa na msaidizi yeyote. Katibu aliandika.

"Basi tulitimize ombi la mtathmini," alisema mwenyekiti. "Kichuguu kikubwa kuliko vyote umekiita shangazi, kwa herufi za mlazo kabisa. Sisi wengine hatujapata kulikuta neno hilo kwenye taaluma. Hebu tufafanulie."

Mgombea alikaa vizuri, akakohoa kidogo. Alieleza kwamba shangazi ni kichuguu kinachojitegemea, lakini chenye nasaba na koloni kuu kwa upande wa kuumeni. Alitaja nadharia mbili za kigeni. Akasimama, akachora mchoro ubaoni, na wajumbe kadhaa wakaunakili kwenye madaftari yao. Aliporudi kukaa alikuwa na uso wa mtu ambaye ameshapigiwa kura.

Mwenyekiti, roho yake ikiwa imetulia, alimgeukia mtathmini na kumuuliza kama ana la kuongeza.

"Dogo tu," alisema, akimtazama mgombea usoni. "Shangazi ni dada yake baba yangu. Alikuwa akikikalia kichuguu kile kunisubiri, wakati nakipima kwa ajili ya tasnifu yangu uliyoikataa."