Waliokaa Muda Mrefu

Mara ya tatu mzee alifika mlangoni pa ukumbi, na mara ya tatu akageuka. Safari hii mkewe alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nimesahau kitambaa."

"Kitambaa kiko mfukoni. Ingia, baba watoto. Humo ndani hakuna mwanariadha hata mmoja."

Ni kweli. Tangazo la zahanati lilisema wazi: mazoezi bure, kila Jumamosi asubuhi, kwa watu waliokaa miaka bila mazoezi. Viti vipo, mipira ni myepesi, mashindano hakuna.

Mzee alichagua kiti cha nyuma kabisa, akavuta fulana ifunike tumbo. Kiharusi cha mwaka juzi kilikuwa kimemvuta mdomo upande, na miezi ya kulala ikamwongezea kilo ishirini. Benki walimrudisha mara mbili wakidai picha ya kitambulisho si yake.

Kocha alikuwa binti mchangamfu, asiye hata na filimbi. "Kabla hatujanyoosha viungo," alisema, "kila mtu atuambie ni nini kilichomkalisha."

"Usukani!" akajibu dereva mmoja mstaafu, watu wakacheka.

Akafuata fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Mimi sikukalishwa na cherehani," alisema. "Nilikuwa darasa la tano. Tulikimbia kuzunguka uwanja, nikawa wa mwisho. Mwalimu wa michezo akasimamisha shule nzima initazame nikimalizia. Akanipa jina. Wenzangu wakaliimba mpaka nyumbani. Sitalitaja hapa, hata mume wangu halijui. Toka siku ile sijakimbia hata kuwahi basi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee aliinama akafunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Masikio yalimwaka moto. Zamu yake ndiyo ilikuwa inafuata, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Na wewe, babu? Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Ya serikali," alisema, macho chini. "Nikastaafu, nikakaa. Basi."

Kocha akawapanga wawili wawili. Mzee akaangukia kwa fundi. Alijitetea kwamba goti linamuuma, afadhali atazame tu.

"Usinikimbie, baba," fundi akamwambia. "Mimi mwenyewe nina aibu kuliko wewe."

"Haiwezekani," mzee akajibu kwa sauti ndogo.

Mpira wa kwanza ulimponyoka fundi mikononi. Wa pili ukampiga begani, akafumba macho kama anayengoja kuchekwa. Kila mara mzee aliufuata mwenyewe, akichechemea, akamrudishia polepole. Alimwonyesha namna ya kufungua viganja, namna ya kulegeza magoti, na kwamba atazame mpira, asitazame watu. Hakupaza sauti hata mara moja.

"Ungenifundisha wewe, baba," fundi alisema akihema, "leo ningekuwa mtu mwingine."

Mzee akatoa kitambaa, akajifuta uso muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Kocha akaomba watu warudi nyuma hatua tano. Mzee akarusha mpira juu, mbali kidogo kuliko alivyokusudia. Fundi akautazama, akaanza kurudi kinyumenyume, kisha akageuka akakimbia. Akakimbia kweli, hatua nne, tano, sita, akanyoosha mikono, akaudaka.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mzee akasahau goti, akasahau mdomo, akasahau kila kitu. Mikono yote miwili ilikuwa juu.

"Safi sana, Gunia!"

Wengine waliendelea kupiga makofi. Fundi alisimama ameukumbatia mpira kifuani, akimtazama mzee usoni kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni.