Mfuko wa Tatu

"Usiutundike," mgonjwa alisema, akaufunika mfuko wa dripu kwa viganja vyake viwili.

Muuguzi aliitupia jicho saa ya ukutani. Seli zilikwisha kuyeyushwa. Zisipoingia mwilini upesi, zingefia mfukoni. Zilikuwa seli za damu ambazo kwa asili huwinda saratani na kuiua. Za mgonjwa mwenyewe zilikwisha kusalimu amri. Hizi zilitoka kwa binti yake wa pekee, zikalelewa maabara hadi zikajaza mifuko mitatu. Miwili ya kwanza ilimwinua kitandani. Daktari alikuwa amesema wazi: bila wa tatu, ugonjwa ungerudi.

"Unaogopa homa, mzee?"

"Homa nimeizoea, sista."

Mkewe alisogea. "Mtoto katoa damu yake, nawe unaiatamia kama kuku! Unangoja ianguliwe?"

Muuguzi alicheka kidogo. Mgonjwa hakucheka.

"Kwa mifuko ile miwili, mtoto alipiga simu kabla tone la kwanza halijashuka. 'Baba, wauaji wangu wamefika? Usiwalaze njaa, wape saratani wale!' Leo mbona kimya?"

"Yumo kwenye mtihani. Simu haziruhusiwi."

"Juzi ulisema simu yake imeharibika."

"Iliharibika. Na leo ana mtihani. Mambo mawili hayawezi kumpata mtu mmoja?"

Mkewe alichukua shuka lililokwisha kukunjwa, akaanza kulikunja upya. Muuguzi naye akajishughulisha na mpira wa dripu, ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Mimi nitangoja anipigie," mgonjwa alisema. "Nikimsikia tu, tundikeni."

"Zitakufa!" Sauti ya mwanamke ilipasuka. Shuka likamponyoka. "Mume wangu, nakuomba. Usiniache peke yangu."

Peke yangu. Mgonjwa alimtazama mkewe kwa muda mrefu: macho yaliyovimba, mikono isiyotulia, viatu ambavyo ukingoni mwake udongo mwekundu ulikuwa umeganda.

Aliuinua mfuko taratibu, akaugusisha shavuni. Ulikuwa umeanza kupata joto. Kisha akamkabidhi muuguzi kwa mikono miwili.

"Polepole, sista. Huyu ndiye aliyebaki."

Akamgeukia mkewe.

"Mlimzika wapi?"